Exetat haianzi Juni: niliyowaambia wazazi na mafinalisti wa Katuba, Lubumbashi

Jambo yenu, wababa na wamama. Jambo yenu, vijana mafinalisti, mlio mwaka wa mwisho. Umeme umekatika tangu usiku na maikrofoni haiwaki, basi ninyi mlio nyuma sogeeni mbele, mabenchi bado yapo. Mama mwenye mtoto mgongoni, kaa hapa karibu na dirisha upate hewa.

Wengi wenu mnanijua. Nimefundisha hesabu miaka 31 katika madarasa ya mwisho ya umanite, yaani sekondari ya juu, hapa Lubumbashi. Exetat, mtihani huu wa Serikali unaompa mtoto diploma mwisho wa sekondari, niliufanya mimi mwenyewe mwaka 1988, Kongo yetu ikiitwa bado Zaire, na matokeo tukayasikiliza redioni, familia nzima na majirani wa kambi ya Gécamines, kampuni ya migodi, wakiwa wamezunguka redio moja. Sielezi habari za mbali.

Kila mwaka matokeo yakitoka naona mambo mawili. Mchana, vijana waliopita wanamwagiana poda nyeupe barabarani, wanaimba, mama zao wanapiga vigelegele. Furaha hiyo ni haki yao. Jioni, giza likiingia, mzazi mmoja anabisha mlango wangu, anakaa, anashika kichwa: "Mwalimu, tulikosea wapi? Tulilipa kila kitu." Nimelijibu swali hilo mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa halimsaidii tena yule aliyeuliza. Leo ni Oktoba. Leo linaweza kusaidia, ndiyo maana nilimwomba padri atupe ukumbi huu.

Mtoto haanguki Juni. Anaanguka siku alipoandikiwa opsioni, yaani mchepuo wa masomo, isiyo yake, siku jina lake lilipoandikwa vibaya kwenye fomu, siku aliposema disertasioni, ile insha ya Kifaransa, si mtihani wa kweli. Juni inakuja kuhesabu tu. Nitawapitisha njia nzima, na pale penye shimo nitasimama zaidi.

Kwanza majina ya madarasa, kwa sababu wazazi wengi wanachanganyikiwa. Sisi wazee tulihesabu miaka 6 ya primeri na miaka 6 ya sekondari, ndiyo maana watu bado wanasema "ana D6", yaani diploma ya miaka 6 ya sekondari. Tangu sheria ya elimu ya Februari 2014, mtoto anapita miaka 8 ya elimu ya msingi, yaani ile 6 pamoja na darasa la 7 na la 8, kisha miaka 4 ya umanite. Jumla ni ileile 12. Ukisikia mwanao yuko mwaka wa nne usidhani amerudishwa nyuma: huyo ndiye finalisti. Tena elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya primeri. Umanite bado ina minerval, yaani karo ya shule, na Exetat ina ada yake inayotangazwa na wizara. Mkiombwa pesa juu ya hiyo ada, ulizeni ni ya nini, na ombeni risiti. Mzazi anayeomba risiti hagombani na mtu.

Mwisho wa darasa la 8 kuna mtihani unaoitwa TENASOSP. Jina lake refu lina neno la kuchagua na neno la kuelekeza. Hapo ndipo Exetat inapoanzia, wapendwa, miaka minne kabla, wakati mtoto ana miaka 14 na hakuna mtu nyumbani anayewaza diploma.

Baada ya hapo mtoto anaingia katika opsioni: sayansi, Kilatini na falsafa, pedagojia, biashara, umeme, mekanika, ujenzi, ushonaji, kilimo. Na opsioni hiyo ndiyo atakayopimwa nayo. Hakuna Exetat moja ya watoto wote. Kuna sehemu wanayofanana, na kuna kozi za opsioni ambazo fundi umeme anaulizwa umeme na wa biashara anaulizwa hesabu za vitabu vya kampuni. Ukifika mwaka wa nne huwezi kusema sasa nimejua ninachokipenda.

Nilikuwa na kijana mmoja darasani, baba yake alitaka daktari. Mtoto mwenyewe alikuwa akitengeneza redio za mtaa mzima, akiwa na bisibisi na waya anasahau hata bukari, ugali wake, mezani. Baba akamwandikisha biolojia na kemia kwa sababu ndiyo njia ya tiba, na kwa sababu alidhani shule ya ufundi ni ya walioshindwa. Mtoto aliufanya Exetat mara mbili, mara mbili akapata chini ya 50. Leo yuko mgodini upande wa Kambove, anachimba. Nilimfundisha yule kijana. Sikumwendea baba yake kumwambia nilichokuwa nakiona, nilidhani si kazi ya mwalimu wa hesabu. Ilikuwa kazi yangu, na ndiyo maana leo nawaambia ninyi kabla hamjaniuliza: fundi mwenye diploma ya Serikali ana diploma ileile. Inamfungulia mlango wa chuo kikuu kama ya wengine, na mkononi ana kazi. Aliyesoma pedagojia anaweza kusimama mbele ya darasa la primeri kwa diploma hiyohiyo, bila kungoja chuo kikuu.

Kuna swali lingine la opsioni ambalo wazazi hawaulizi. Je, shule ina kibali cha Serikali kwa opsioni hiyo? Nasema kwa opsioni hiyo, si kwa jina la shule. Shule inaweza kuwa na rangi nzuri, basi la watoto na kanisa kubwa nyuma yake, ikawa na kibali cha biashara tu, halafu ikafungua sayansi kwa sababu wazazi wanaitaka. Mwaka wa mwisho ukifika, watoto wale wanapelekwa kuandikishwa kwa jina la shule nyingine. Nimemwona binti aliyesoma miaka minne mahali pamoja na bulteni zake, yaani ripoti za alama, zikasema mahali pengine. Ombeni kuona arete, karatasi ya wizara yenye namba. Prefe, yaani mkuu wa shule, akiwa mwaminifu atawaonyesha bila kukasirika. Hili ni sawa kwa shule za Serikali, za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu, za Waislamu na za watu binafsi.

Sasa shimo la pili, na hapa mniwie radhi nikikaa kidogo, kwa sababu nililiangukia mwenyewe.

Miezi ya kwanza ya mwaka wa mwisho shule inatuma orodha ya watahiniwa. Kila mtoto anaandikwa jina, posti-nomu (jina la pili), prenomu (jina la ubatizo), mahali na tarehe ya kuzaliwa, opsioni. Orodha hiyo ndiyo inayozaa makaro, ile kadi yenye picha ambayo mtoto hataingia bila hiyo kwenye kituo cha mtihani. Ndiyo inayozaa matokeo. Na baadaye ndiyo inayozaa diploma. Kosa likiingia huko, linatembea naye maisha yote.

Mimi nilizaliwa mwaka 1969 nikabatizwa, nikawa na jina la ubatizo kwenye karatasi zangu. Mwaka 1972 majina hayo yakaondolewa nchi nzima, tukabaki na jina na posti-nomu. Miaka ya 1990 yakarudi. Kwa hiyo watu wa umri wangu karatasi zetu zinapishana zenyewe kwa zenyewe, na watoto wetu wameandikwa kila mmoja kwa mpangilio wake: mwingine prenomu imekaa mahali pa jina, mwingine posti-nomu ni ya babu lakini haimo kwenye cheti cha kuzaliwa. Juu ya hayo, kwetu mdomoni L na R ni ndugu. Katika orodha ya mwaka wangu, aliyeandika alisikia R mahali pa L. Herufi moja. Nilikuwa na miaka 19, nilifurahia makaro yenye picha yangu, sikusoma jina. Nani anasoma jina lake mwenyewe?

Miaka sita baadaye nilimaliza masomo, nikapata shule, nikapeleka karatasi zangu ili niingizwe kwenye orodha ya walimu wanaolipwa. Ofisi moja ikaniambia mwenye diploma hii si wewe. Nilifundisha miezi 14 bila mshahara, mke wangu akiuza maandazi asubuhi ili tule jioni, nikipanda na kushuka ngazi na karatasi kwenye bahasha. Kwa herufi moja. Sijawahi kuusahau mwaka ule, na kila Oktoba nawafanyia wanafunzi wangu jambo moja: naleta fomu darasani, kila mmoja anasoma jina lake kwa sauti, herufi kwa herufi, cheti cha kuzaliwa kikiwa mezani. Wanacheka mwanzoni. Kisha mmoja anagundua tarehe yake si yenyewe, na darasa linanyamaza.

Basi mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, msingoje. Iko njia ya mahakama: hukumu inayosimama mahali pa cheti. Inachukua muda, inachukua safari kadhaa. Ukiianza leo iko tayari kabla ya mtihani. Ukiianza Mei, utaandika unachokumbuka na kumwachia mtoto mzigo.

Vijana, sasa nasema nanyi. Kabla ya zile siku nne mnazoziogopa, kuna mitihani inayotangulia, tunayoiita nje ya sesioni. Wa ufundi wanapita mbele ya jury ya vitendo, yaani watu wanaowapima kazi: fundi anaonyesha kazi ya mikono, mshonaji anakata na kushona. Na wote mnaandika disertasioni kwa Kifaransa. Kila mwaka nasikia neno hili uani: "Hiyo si Exetat yenyewe, Exetat ni item, yale maswali ya kuchagua jibu." Ninaumia nikilisikia. Alama za disertasioni zinaingia katika hesabu yenu kama nyingine. Tena ndizo alama ambazo hakuna anayekuwekea majibu mbele yako uchague moja. Upo wewe, mada na karatasi tupu.

Nyumbani tunaongea Kiswahili, wengine Kibemba, Kiluba, Kisanga. Kifaransa tunakipata shuleni. Si aibu, ndivyo tulivyo. Lakini mtoto anayekutana na Kifaransa ubaoni tu, ananakili na kufunga daftari, anafika Aprili akiwa ameandika disertasioni tatu maishani mwake, na zote tatu ziliandikwa usiku wa kuamkia siku ya kuzikabidhi. Hapo mnategemea nini? Mimi ni mtu wa hesabu, lakini nimekaa na walimu wa Kifaransa miaka mingi na nimeona kinachofaa: kuandika moja kila wiki, kuanzia sasa. Fupi. Chagua mada, jiulize inataka nini kwako, andika wazo lako kwa sentensi moja kabla ya yote, kisha tafuta sababu na mfano wa hapa, wa mtaa wako, wa soko, wa mgodi. Msikariri utangulizi wa mtu mwingine. Wasahihishaji wanausoma utangulizi huohuo wa kukariri siku nzima. Ukimaliza, isome kwa sauti. Sikio litakamata kosa ambalo jicho limelipita. Mzazi asiyejua Kifaransa naye ana kazi hapa: akae asikilize. Mtoto akisomea mtu, anaandika vizuri zaidi.

Halafu zinakuja zile siku nne. Utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, kozi za opsioni. Maswali yanakuja kwa item: swali, na majibu kadhaa yenye namba, wewe unaonyesha namba ya lile lililo sahihi kwenye karatasi ya majibu. Mwalimu wako hatakusahihishia. Hakuna mtu atakayesoma hesabu ulizofanya pembeni na kusema huyu alielewa, alikosea mwishoni tu. Kwa mwalimu kama mimi hilo linauma, kwa sababu darasani nampa mtoto alama kwa njia aliyopita hata kama ametua pabaya. Exetat inaangalia ulipotua. Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao nitawazoesheni mambo mawili kwa pamoja: kufanya hesabu yote kwa njia yake, na kurudi kulikagua jibu kwa njia nyingine kabla ya kuandika namba. Kuna item ambazo ukiweka tu majibu yaliyotolewa ndani ya mlinganyo unaona lipi linasimama. Huo si ujanja mbaya, huo ni ukaguzi, na mhandisi anaufanya kila siku.

Na sasa jambo linalonikosesha usingizi. Simu. Kila mwaka, wiki chache kabla, kundi linafunguliwa WhatsApp, mtu asiyejulikana anasema ana item za mwaka huu, tuma pesa kwa simu. Watoto wanachangishana. Kuna mwaka darasa moja walichanga pesa ambazo zingeweza kuwalipia watatu kati yao minerval ya muhula mzima. Sikilizeni jinsi kitu hicho kinavyofanya kazi. Maswali yanakuja kwa seria tofauti, yaani matoleo tofauti ya karatasi. Wewe na jirani yako mmekaa darasa moja, opsioni moja, na namba ya jibu lako si namba ya jibu lake. Anayekuuzia orodha ya namba anakuuzia namba za nani? Mtoto aliyesoma mpaka saa tano usiku kisha akalala ana nafasi. Mtoto aliyekesha akingoja ujumbe anafika kituoni macho mekundu, kichwani namba arobaini asizojua za wapi, na hata alichokijua kinamkimbia. Akikamatwa na simu ndani, mwaka umekwisha. Yapo mambo mabaya zaidi: udanganyifu wa wachache umewahi kuangusha matokeo ya shule nzima, na mle ndani wamo waliosoma kwa mshumaa miaka minne.

Wababa, hapa nawaomba kwa heshima. Mtoto akija kwako Juni akisema "papa, wenzangu wote wanachanga", anachosubiri ni wewe umwambie hapana. Anaogopa kuwa peke yake. Mwambie hapana, kisha ukae naye.

Kuhusu alama nitasema kwa ufupi. Kushinda ni kuanzia asilimia 50, na asilimia inaandikwa kwenye diploma. Mwenye 52 ana diploma, asimruhusu mtu amdharau. Lakini asilimia ina kazi yake. Chuo kikuu chetu cha Lubumbashi kina vitivo vya tiba, politekniki, tiba ya wanyama na vinginevyo, na vile vinavyokimbiliwa na wengi huchuja wanaoingia. Programu ya Excellentia ya Wakfu wa Denise Nyakeru Tshisekedi, iliyoanza mwaka 2019, inawatafuta wa burse, yaani wa kulipiwa masomo, miongoni mwa waliopata asilimia za juu nchi nzima. Mtoto wa Katuba anaweza kuwa mmoja wao. Huko chuoni nako miaka imepangwa upya kwa mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na doktora: lisansi ni miaka 3, si ile ya zamani iliyokuja baada ya gradua, cheti cha kwanza cha chuo wakati ule. Wazazi, msigombane na watoto juu ya hilo, wanasema kweli. Na karatasi yenyewe ya diploma inaweza kuchelewa sana, wengine wanatembea na atestasioni, karatasi ya muda, kwa miaka. Tunzeni kila karatasi, fanyeni nakala, wekeni nyumba mbili.

Nimeacha kitu kimoja mwisho kwa sababu najua ni cha watu fulani humu ndani, na sitawataja.

Kuna walioacha. Binti aliyebeba mimba mwaka wa tatu, akaambiwa maneno, akakaa nyumbani. Kijana aliyekwenda kuchimba baba alipougua, akasema nitarudi mwakani, miaka ikawa sita. Mnapita barabarani mnawaona wadogo wenu na sare nyeupe na buluu, mnageuza uso. Exetat ina mlango wenu. Unaitwa otodidakti: mtu asiye na shule mwaka huo, anaandikishwa, anafanya kwanza mtihani wa awali, akipita anaingia pamoja na wengine, kwa opsioni yake, na diploma ni ileile. Si lazima uvae sare na kukaa na watoto wa miaka 17.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja anayeuza samaki mkavu soko la Kenya aliniletea daftari lake la hesabu. Alikuwa na watoto wanne, mkubwa wake alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuja kila Jumapili baada ya misa, harufu ya samaki mikononi, akiomba radhi kwa harufu hiyo, na mimi nilimwambia mama, kaa, tufanye vipeo. Mara ya kwanza hakupita. Mara ya pili alipita, mwaka uleule aliopita mwanawe. Nyumba ile ilimwagiwa poda mara mbili siku moja. Sikuwahi kuona mtu akilia vile huku amekuwa mweupe mwili mzima.

Nimesema mengi na jua limepanda. Pale karibu na mlango kuna meza. Nitakaa hapo mpaka saa nane, na mwalimu wa Kifaransa yuko nami. Aliyekuja na cheti cha kuzaliwa na bulteni za mtoto, tutazisoma pamoja, herufi kwa herufi, na penye kosa nitamwandikia aende ofisi gani kwanza. Asiye nazo leo, tuko hapa tena Jumamosi ijayo. Wanaotaka habari za otodidakti watanikuta nyuma, upande wa bustani, peke yangu, bila watu kuwatazama.

Mama mwenye mtoto mgongoni, wewe ndiye uliyewahi kufika leo. Lete karatasi zako, tuanze na wewe.